Nyumba ya Mapacha Iliyofungwa Mara Mbili

Wiki tatu baada ya kustaafu, nikiwa ndiyo kwanza nazoea kunywa chai bila kuangalia saa, mmoja wenu alinipigia simu kutoka Malaba. Alikuwa na mtoto wa surua katika boma fulani na familia ilikuwa imekataa kumtenga. "Mama Afya," akaniuliza, "niite chifu?" Nikamwambia amwache chifu naye anywe chai yake. Kisha nikaketi nimwandikie jibu. Jibu likawa refu, na kwa kuwa mko wengi mnaofanya kazi ile niliyoiacha, someni wote. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua wenyewe.

Kwa wale ambao hatukukutana, mimi naitwa Nabwire, Mmarachi wa Butula, na maisha yangu yote ya kazi nimekuwa afisa wa afya ya umma katika Busia hii yetu. Kazi hiyo ina mambo mengi: vyoo, visima, nyama buchani, panya ghalani. Lakini iliyonichukua miaka na usingizi ni moja tu, ya kuingia nyumba yenye mtoto mgonjwa na kuwaambia wenyewe mtoto huyu asitoke, na wengine wasiingie, mpaka nitakaposema.

Siku ya kwanza niliripoti Malaba nimevaa viatu vyeupe. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Okumu, fundi wa afya wa zamani, mrefu, mwenye baiskeli ya breki moja. Watu wote walimwita Bwana Afya, hata mkewe. Akaviangalia viatu vyangu kwa muda, akasema, "Hivyo ni vya harusi. Leo tunaenda shimo la choo." Jioni viatu vilikuwa rangi ya udongo na sikuvivaa tena.

Mzee Okumu alikuwa na kikombe cha bati alichokifunga kwenye mkanda wa suruali kama polisi anavyofunga filimbi. Nilidhani ni uzee. Kumbe kilikuwa chombo cha kazi. Tukiingia nyumba yenye ugonjwa, mama akileta uji, yeye hakukataa. Alikifungua kikombe chake, akapokea, akanywa mpaka tone la mwisho, akasifu. "Ukikataa uji wao," aliniambia, "umewaambia wananuka. Ukinywa kwa kikombe chao, umebeba ugonjwa mpaka nyumba ya pili. Nunua kikombe." Nilinunua cha plastiki, kikayeyuka kwa uji wa kwanza. Nikanunua cha bati.

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa kuketi. Hakuwahi kutoa amri akiwa amesimama. Aliomba kigoda, au akaketi kwenye mzizi, kisha akauliza swali moja lile lile kila nyumba: "Hebu nipe siku ya huyu mtoto, toka anapoamka mpaka analala." Mama anaanza kueleza: anaamka, anaoshwa na dadake, anakunywa uji na watoto wa shangazi, anabebwa kisimani. Mzee anasikiliza tu, anatikisa kichwa. Mwishoni alikuwa anajua ugonjwa umepita wapi na utapita wapi kesho, na hakuwa ametaja neno ugonjwa hata mara moja. Mimi niliona anapoteza wakati. Nilikuwa na cheti kipya na haraka nyingi.

Nikapelekwa Butula peke yangu. Huko ndiko nilikofanya kosa ambalo siwezi kulificha, kwa sababu bila hilo mengine yote hayaeleweki. Mama mmoja, tumwite Auma, alikuwa na mvulana wa miaka mitatu aliyetokwa na upele wa surua, macho mekundu kama pilipili. Nilisimama mlangoni na cheti changu kichwani. Nikasema, "Mama, huyu akae ndani siku nne kuanzia upele ulipotoka. Asikutane na mtoto mwingine. Sawa?" Akasema sawa. Nikaandika sawa. Nilitumia dakika tano kwa jumla, na nilijivunia wepesi wangu.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Nikamkuta Auma ameketi na ndizi zake mbele, mtoto mgongoni amefunikwa leso kichwani. Nilimfokea mbele ya watu. Aliniangalia bila hasira, akasema, "Dada, nimwache na nani? Baba yake yuko Nairobi. Kwa nyumba tuko mimi na yeye." Hilo jana yake sikuwa nimeliuliza. Karibu naye aliketi mwuza nyanya na mtoto mchanga wa kike kwenye kikapu. Wiki mbili baadaye mtoto yule wa kikapu aliugua. Alipona, lakini jicho la kushoto halikupona.

Niliendesha baiskeli mpaka Malaba kumwambia Mzee Okumu. Nilitegemea anifariji au anitukane. Aliniuliza tu, "Uliketi?"

"Sikuketi, mzee."

"Haya. Sasa utaketi." Akarudi kwenye kazi yake ya kurekebisha mnyororo.

Tangu siku hiyo niliketi. Niliketi kwenye vitanda vya kamba Namboboto, kwenye magunia ya mahindi, na mara moja juu ya kuku aliyekuwa amelalia mayai, tukashtuka sote wawili. Nikahamishiwa Busia mjini nikajifunza kwamba somo la kijijini halitoshi. Kule watu wanaishi kwenye ploti, milango minane imeangaliana, bomba moja, choo kimoja. Kitabu kinasema mtoto apewe chumba chake. Chumba chake! Familia yenyewe ina chumba kimoja, nacho kimegawanywa kwa pazia. Nilijaribu mara kadhaa kuutenga mlango mmoja katikati ya minane, nikashindwa kila mara. Mwishowe nikaacha kuhesabu mlango, nikahesabu ploti. Niliwaketisha mama wote wanane uani, nikawaomba wapange wenyewe nani anateka maji asubuhi, nani anaosha choo, watoto wa nani wanacheza upande upi. Mama mmoja muuza mitumba, Mwislamu mwenye sauti ya kuita swala, alichukua uongozi bila kuombwa, na nawaambieni, hata mimi niliogopa kuvuka uani bila ruhusa yake. Ploti ile ilishika masharti kuliko wodi.

Jambo jingine la mjini ni mpaka. Nyumba nyingi za Busia na Malaba zina nyanya upande huu na shangazi upande ule. Unafika asubuhi kumtazama mgonjwa wako, unauliza, "Mtoto yuko wapi?" Unajibiwa neno moja: "Amevuka." Wamempitisha kwa njia za panya, wakampeleka kwa jamaa Uganda, na surua haina haja ya pasi. Wakati wa korona ilizidi. Malori yalijipanga mpaka macho yakachoka, watu walituogopa sisi wenye mavazi meupe kuliko ugonjwa, na mtoto akikohoa kidogo alikuwa amevuka kabla hujashuka kwenye pikipiki. Katika kipindi hicho nilijifunza kutokuja na gari la serikali. Nilikuja kwa miguu, nikiwa na mkoba wa sokoni.

Wakubwa wenye fomu walituuliza kila mwaka: je, familia zinafuata masharti ya kumtenga mtoto nyumbani? Tulijaza ndiyo au hapana. Ukweli ni kwamba watu wanafuata kile mikono yao inaweza. Na wengine, ukiwapa nafasi, wanaweza kuliko wewe. Hilo nililiona Adungosi, mwaka wangu wa mwisho kazini, na ndilo hasa nililotaka kuwaandikia.

Mhudumu wa afya wa kijiji alinipigia asubuhi moja. Kulikuwa na mtoto mwenye homa na upele katika boma la bibi mmoja Mteso, mjane, anayeitwa na kijiji kizima Tata, yaani nyanya. Mtoto alikuwa mmoja wa mapacha wa kike wa miaka minne, Apio na Adongo. Mama yao, Amoit, binti wa Tata, alikuwa akiuza dagaa wa omena Malaba, na siku za chanjo zilimkuta huko kila mara. Mara moja alifika na watoto wake wawili, akaambiwa arudi siku watoto wakiwa wengi, maana chupa ya dawa haifunguliwi kwa wawili. Hakurudi. Kwa hiyo mapacha hawakuwa na kinga hata kidogo.

Nilifika nikasalimu, "Yoga, Tata." Akaitikia, akanipa kigoda, akaleta uji. Nilikunywa. Apio alikuwa amelala kwenye mkeka, upele umeshuka kutoka usoni mpaka kifuani, pua inachirizika. Adongo, mzima kabisa, alikuwa amelala kando yake wamejifunika blanketi moja, akimchezea sikio. Nikasahau kila kitu cha Mzee Okumu nikasema, "Tata, huyu mwingine tumtoe sasa hivi. Alale nyumba ingine."

Tata aliweka kibuyu chini taratibu. "Wewe unataka kugawa hawa?"

"Kwa siku chache tu."

"Hawa hawagawanywangi. Walikuja pamoja. Ukimtoa mmoja, yule mwingine atajua ameachwa. Mimi nilizaa mapacha kabla ya mama yao. Nikaambiwa na sista wa hospitali, huyu mgonjwa abaki, huyu mzima nenda naye. Nikaenda. Yule aliyebaki alikufa, na yule mzima akamfuata. Sasa wewe enda uite chifu, uite polisi. Hawa hawagawanywi."

Amoit, aliyekuwa ameacha biashara yake kuja kumuuguza mwanawe, aliinamisha kichwa. Ningeweza kuita chifu. Sheria ilikuwa upande wangu. Badala yake nikakumbuka nimeketi kwa sababu gani, nikasema, "Tata, nisamehe. Nipe kwanza siku ya hawa watoto, toka wanapoamka."

Akanipa. Wanaamka pamoja, wanakula sahani moja, wanalala blanketi moja. Juzi, kabla upele haujatoka, Apio alikuwa na mafua na wamelala pua kwa pua. Nikatulia. Surua huambukiza siku kama nne kabla upele haujaonekana. Adongo alikuwa tayari ameshavuta hewa ile. Kumtoa kungeupeleka ugonjwa nyumba ya pili, ya tatu, akiwa anacheka. Tata, kwa sababu zake, alikuwa amesema jambo ambalo mimi kwa sababu zangu nilipaswa kulisema. Watu wa kulindwa walikuwa nje ya nyumba ile: watoto wa majirani waliokuwa wakikatiza bomani kwenda kisimani, watoto wa chekechea, na mmoja zaidi.

Huyo mmoja nilimjua nilipouliza nani mwingine anaishi hapo. Tata alikuwa na mwana mmoja tu wa kiume, Ekirapa, mwendesha boda boda. Mkewe, Nafula, alikuwa ameenda kwao Namboboto kujifungua, na sasa mtoto wa kiume wa miezi mitatu alikuwa analetwa nyumbani Jumamosi ijayo. Mbuzi wa sherehe ya kumpokea alikuwa amefungwa kwenye mti, anatafuna kamba bila wasiwasi. Mtoto wa miezi mitatu ni mdogo mno hata kwa chanjo ya surua. Angeingia nyumba ile, tungemzika au tungemponya kwa bahati.

Nikamuuliza Tata, "Hawa mapacha walipozaliwa, mlifanyaje?"

Akanishangaa. "Si tulifunga nyumba. Mama yao alikaa ndani na wao. Hakuna mtu anaingia ovyo, hakuna kitu ya ndani inatoka nje. Chakula inawekwa hapo mlangoni. Mpaka siku ya kufungua, watu wakaja, tukacheza, tukafungua."

"Ilichukua muda gani?"

"Mpaka mimi niliposema."

Nilicheka kwa sauti, na samahani kama haikuwa ya kitaalamu. Miaka yote ile nilikuwa nikiwaeleza watu jambo hili kwa maneno ya kuazima, na hapa mbele yangu ameketi mwanamke aliyelifanya kwa mikono yake. "Basi Tata," nikamwambia, "ifunge tena."

Tata akainuka, akachukua panga, akatoka. Tulimsikia akikata miiba. Ilipofika saa sita njia ya kisimani ilikuwa imezibwa kwa matawi, na yeye ameweka kigoda chake langoni. Nilimpa Apio vitamini A, dozi ya kwanza siku hiyo na ya pili kesho yake, nikawafundisha kumwosha macho kwa maji safi na kumpa uji mara nyingi. Nikamwomba Tata ayaweke mbali machicha ya pombe ya busaa aliyokuwa ametayarisha kumpaka. Akasema sawa, atawapa nguruwe. Mimi na mhudumu wa kijiji tukazunguka nyumba zote za karibu kuchanja watoto. Safari hii chupa zilifunguliwa.

Ekirapa alirudi jioni akakuta lango lina miiba na mamake. Yeye alishaugua surua utotoni, kwa hiyo hakuwa hatarini, lakini alikuwa na hasira. "Mama Afya, nimeita watu. Mtoto wa kwanza, tena kijana. Mnataka nimwambie Nafula asije?" Nikamwambia amwambie abaki Namboboto. Tata akaongezea, "Na huyo mbuzi mpe majani." Mkutano ukaisha hapo.

Siku ya tatu nilifika asubuhi nikakuta mambo mawili, na la pili halimo kwenye kitabu. Apio alikuwa anapumua kwa haraka, mbavu zinaingia ndani, pua zinapanuka. Hiyo ni nimonia, vijana wangu, na haingoji. Nikasema twende hospitali sasa. Tata akasimama mbele ya mlango.

"Ulisema hakuna mtu anatoka."

"Nilisema hivyo, Tata."

"Basi hatoki. Nimefunga."

Nimewahi kupambana na watu wanaovunja masharti. Huyu alikuwa ameyashika mpaka yanataka kuua, na kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilimpa sheria nikasahau kumwonyesha mlango wake. Nikajaribu kumweleza mapafu, hakusikia. Nikajaribu kutaja serikali, akatema mate kando. Ndipo nikamuuliza, "Tata, wakati ule mmefunga nyumba, kama Amoit angetokwa na damu ndani, ungefanyaje?"

"Ningeita mkunga."

"Na mkunga akisema aende?"

"Angeenda." Kisha haraka, "Lakini na watoto wote wawili."

"Wote wawili," nikasema. "Sitamgawa mtu."

Nikapiga simu hospitali waandae chumba cha pembeni na muuguzi atupokee nje, tusipite kwenye foleni ya kliniki. Jirani mwenye gari akatupakia, madirisha wazi, Amoit na binti zake nyuma. Tata alibaki kulinda lango, hata hakuinua mkono kutuaga, alikuwa anaangalia njia. Tulipofika, muuguzi kijana aliwatazama mapacha akauliza, "Huyu mgonjwa nimemwona. Na huyu mwingine anaugua nini?"

"Bado," nikamjibu. "Ngoja."

Akanicheka, lakini akawapa kitanda kimoja. Apio akawekewa oksijeni na dawa, Adongo miguuni pake anaimba nyimbo za chekechea bila kukoma, mpaka wauguzi wakazijua zote. Usiku wa kwanza nilijua tunaweza kumpoteza. Siku ya pili alifungua macho akaomba ndizi. Alipewa, akaimega, nusu akampa dadake. Niliingia chooni nikalia kidogo, nikanawa, nikatoka.

Baada ya siku tano walirudi nyumbani, upele wa Apio umekwisha na ngozi inamenyuka. Kila mtu alidhani kazi imeisha. Mimi na Tata tu ndio tulijua kwamba Adongo hajaanza. Nilikuwa nimemwambia, "Huyu anaweza kutokwa na upele wiki ijayo," naye akajibu, "Najua. Wao hupeana kila kitu." Miiba ikabaki langoni.

Lakini Ekirapa hakutuamini. Alimwona Apio anakimbia uani, akampigia mkewe, akamwambia mambo yameisha, njoo. Siku mbili baadaye nilikuwa nimeketi na Tata langoni tukichambua mboga, pikipiki ikasimama barabarani. Akashuka Nafula, amevaa gauni jipya, mtoto amefungwa kifuani kwa leso ya kijani. Ekirapa mwenyewe ndiye aliyewaleta. Nafula akapiga magoti kidogo ng'ambo ya mtaro wa barabara, akasalimu.

"Mama, nimefika."

Tata hakuondoka kwenye kigoda. "Simama hapo hapo."

"Mama?"

"Hapo. Usivuke mtaro."

"Mama, mtoto amechomwa na jua toka Namboboto. Fungua basi. Ekirapa amesema Apio amepona."

"Ekirapa si daktari. Ekirapa ni pikipiki."

Ekirapa akaja mbele. "Mama, huyu ni mtoto wangu. Hii ni boma ya baba yangu. Nani anaweza kumfungia mtoto wa kwetu nje?"

Majirani walikuwa wameanza kutoka. Nilitaka kusema, ndiyo kazi yangu, lakini Tata aliweka mkono juu ya goti langu. Akainuka. Ni mwanamke mfupi, na siku ile alikuwa mfupi zaidi mbele ya kijana wake.

"Mimi," alisema. "Mimi namfungia. Baba yako alikufa akiomba mjukuu wa kiume, nami nimengoja miaka hii yote. Unafikiri sitaki kumshika? Nikimshika leo, nitamshika mara moja. Mimi nataka kumshika mpaka aoe." Kisha akamgeukia Nafula, sauti imebadilika. "Binti yangu, mfungue leso. Muinue nimwone."

Nafula akamfungua mtoto, akamwinua juu kwa mikono miwili, kule ng'ambo ya mtaro. Mtoto akanyoosha miguu hewani, akapiga chafya kwa jua. Tata akapiga makofi, akamwita jina lake, akamwimbia kwa Kiteso kutoka langoni, akapiga vigelegele mpaka Amoit ndani ya nyumba akaitikia. Mapacha wakaitikia pia bila kujua sababu. Nafula alikuwa analia na kucheka. Ekirapa alitazama chini, kisha akawasha pikipiki. Wakarudi Namboboto na mkungu wa ndizi ambao Tata alikuwa ameuweka kando ya barabara, mbali na nyumba, toka asubuhi. Kumbe alijua watakuja.

Siku ya tatu baada ya hapo Adongo aliamka na homa. Homa ikapanda siku tatu, kisha upele ukatoka nyuma ya masikio.

Ekirapa alinipigia simu mwenyewe. Nilisikia lori likipita huko alikokuwa. Halafu akasema, "Mama Afya, kama Mama angefungua..." Hakumaliza, na sikumsaidia kumaliza. Tangu siku hiyo alikuwa ndiye anayeleta maji mpaka langoni kila asubuhi, na abiria wake waliotaka kupitia njia ile ya kisimani aliwazungusha kwa barabara ya mbali, wapende wasipende.

Adongo aliugua kidogo tu. Alikuwa amepata vitamini mapema, analishwa vizuri, na hakulala siku moja bila dadake kumchezea sikio. Tukaanza kuhesabu upya. Watu wa kanisa waliacha unga na mboga langoni. Mwalimu wa chekechea alituma karatasi za kuchora. Kila asubuhi nilipita nikauliza, kila asubuhi Tata alijibu, "Bado nimefunga."

Siku zilipotimia, nami nikiwa nimezunguka nyumba zote za kijiji na kijiji kinachofuata, sikupata mtoto mwingine hata mmoja mwenye upele. Ugonjwa ulioingia boma lile haukuvuka miiba. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuandika hivyo bila kusitasita, na siku ile niliandika kwa herufi kubwa.

Nyumba ilifunguliwa Jumamosi. Mbuzi, ambaye kwa wakati huo alikuwa amenenepa na kupata jina, aliliwa kwa majonzi ya watoto. Wanawake wa Adungosi walikuja wakicheza toka barabarani, matawi mikononi. Tata aliivuta miiba kwa mikono yake mwenyewe, akawatoa Apio na Adongo nje kwa pamoja, mmoja mkono huu na mwingine ule. Halafu Nafula akavuka mtaro, akamkabidhi mtoto. Tata alimshika, akambania kifuani, akamtembeza boma zima akimwonyesha kila kitu: hii ni jiko, hii ni ghala, hawa ni dada zako, na huyu hapa ni Mama Afya, yeye ukimuona, osha mikono. Nilicheza siku ile mpaka goti likanikataza kazi wiki mbili.

Wiki yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, surua ilizuka kijiji kingine, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka kwa Tata. Nilipata simu saa moja asubuhi, nikaondoka bila chai, nikitayarisha njiani maneno ya kuanzia, maana familia ile nilijua ni wagumu. Nilipokaribia niliona matawi ya miiba yamelazwa njiani, mabichi, yametoka kukatwa. Langoni, juu ya kigoda cha watu, ameketi Tata, panga magotini. Ndani ya boma mama wa mgonjwa alikuwa anachemsha maji, baba anabeba godoro kwenda upande wa pili wa nyumba, wala hakuna aliyekuwa akibishana.

Nikasimama kwenye miiba. "Yoga, Tata. Nani amekuita?"

"Hakuna mtu ameniita. Nilisikia." Akanitazama toka juu mpaka viatuni, kisha akauelekeza mkono kwenye ndoo iliyokuwa na bomba kando ya njia.

"Umechelewa, Mama Afya. Nawa kwanza, halafu ungoje hapo. Nikimaliza na hawa nitakuita."

Nikanawa. Nikangoja.